Jumamosi Atakuwa Wapi

Kuna fomu ya kurasa nne ambayo inajua kama mdogo wangu ataiba tena. Nimeiona kwa macho yangu katika ofisi moja pale Lushoto mjini, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki chenye maua. Fomu ina visanduku. Afisa anauliza swali, anatia tiki, anajumlisha alama, na chini ya ukurasa wa nne kuna mstari mmoja: hatari ya kurudia kosa. Kwa mdogo wangu pameandikwa "kubwa".

Alivunja duka la pembejeo akachukua mbegu na bomba la kupulizia dawa. Simtetei. Amebakiza miezi kumi na nne ya kifungo, na angeweza kuimaliza nje, akifanya kazi za jamii mchana na kulala nyumbani. Mwisho wa mwezi kamati inayoamua hilo inakaa. Kwa neno hilo moja, ataimaliza ndani.

Niliuliza wamejuaje. Afisa, kijana mpole aliyevaa shati la mikono mirefu, akanisomea baadhi ya maswali. Makazi ya kudumu: hapana. Ndugu wa karibu wa kuishi naye: hapana. Ndugu wa damu aliyewahi kutiwa hatiani: ndiyo.

"Huyo ndugu ni nani?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa najua.

Akaangalia karatasi, akaniangalia, akaangalia tena karatasi. "Ni wewe, kaka."

Nilitoka pale bila kuaga. Pampu niliyoiba mimi nikiwa na miaka kumi na tisa imehesabiwa kwenye ukurasa wa mtu ambaye wakati ule alikuwa darasa la pili. Nikapanda gari la kwenda Mlalo kumtafuta mwanamke ambaye miaka ishirini na tano iliyopita alinipima mimi hivyohivyo, hakimu akisubiri. Hasira hiyo bado ninayo hata ninapoandika. Lakini kabla sijasema aliniambia nini, nieleze kwanza ni mtu wa namna gani.

Jina lake silitaji. Sisi wa upande wa Malindi, hii ya milima ya Lushoto, si ile ya pwani, tulimwita Mama Probesheni, hata wazee waliomzidi umri. Probesheni, kwa asiyejua, ni pale mahakama inapokuacha nyumbani badala ya kukupeleka gerezani, ikakuweka chini ya jicho la afisa. Jicho lilikuwa yeye. Na kabla ya hukumu, hakimu alikuwa anamtuma kijijini kuuliza jambo lile lile ambalo leo linaulizwa na fomu: huyu tukimwacha, atarudia?

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alitembea haraka kuliko watu wenye miguu mirefu. Watu wanakumbuka mabuti yake ya mpira, meusi, ya kiume, makubwa kwake kwa namba mbili hivi, ambayo alijazia magazeti kwenye ncha. Ulikuwa unayasikia kabla hujamwona kwenye ukungu: kwap, kwap, kwap. Vijana waliokuwa na jambo la kuficha waliyajua kuliko kengele ya shule. Mama yangu alikuwa akiyasikia ananiambia, "Haya, vaa shati, mgeni wako huyo." Mgeni wangu! Kana kwamba nilimwalika.

Hakuanzia kwenye ofisi ya kijiji. Maafisa wengine walifika, wakaketi kwa mtendaji, wakaitiwa watu watano, wakauliza, wakaandika, wakaondoka kabla mvua haijashika barabara. Na watu watano waliulizwa nini? "Huyu ni mtu wa namna gani?" Kwetu huwezi kumsema vibaya jirani mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye kalamu. Basi wote watano walijibu, "Hana neno." Mwizi wa ng'ombe hana neno. Aliyemkata mkewe panga hana neno. Halafu mgeni akishaondoka, watu hao hao wanasimama njiani wanasema, "Yule? Yule atarudia tu, subiri uone."

Mama Probesheni alikuwa amelelewa huku huku milimani, na hilo lilimfanya akasirike. "Mnanidanganya kwa adabu," aliwaambia watu wa kitongoji chetu mbele ya mwenyekiti. "Mtu anafungwa miaka kwa sababu ya adabu zenu!"

Kwa hiyo alikuja Jumamosi. Kwetu Jumamosi ni siku ya ngemo, kazi ya pamoja: leo shamba lako, wiki ijayo langu, mwenye shamba anapika makande, watu wanalima mpaka jua la mchana. Huitwi ngemo kwa tangazo. Mwenye shamba anapita mlango kwa mlango, anataja jina. Akiruka mlango wako, umerukwa, na kila mtu ameona. Mama Probesheni alikuja akasimama kwenye tuta la juu, kwenye majani ya guatemala yanayoshikilia udongo, akahesabu. Hakuuliza mtu chochote. Aliangalia nani ameitwa, nani hayupo, nani anampa nani jembe lake anapokwenda kunywa maji, nani anakula sahani moja na nani. Halafu akashuka na kuuliza swali moja tu kuhusu mtu aliyetumwa kumpima: "Na yule, Jumamosi huwa wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Ukimwambia fulani ni mlevi, fulani ana roho mbaya, fulani baba yake naye alikuwa hivyo, alikukata maneno. "Usinitabirie. Mimi si mganga. Niambie Jumamosi atakuwa wapi."

Nilimchukia, na nisieleweke vibaya. Watu wakisikia habari hizi wanadhani nazungumzia mama mwema mwenye sauti laini. Hakuwa na sauti laini hata siku moja. Aligomba kama anaitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la pili, lakini aliwahi kumfokea mzee wa kanisa mlangoni baada ya ibada, kwa sababu mzee huyo alimwambia mke wa mtu aliyekuwa gerezani asiimbe tena kwaya mpaka mumewe atoke. "Yeye ameiba nini?" aliuliza kwa sauti ya kufika Mlalo. "Sauti?"

Hakunywa chai nyumbani kwa mtu aliye chini ya uangalizi wake. Kamwe. Mama yangu aliumia sana kwa hilo, maana kumnyima mgeni chai ni aibu, na mgeni kuikataa ni aibu kubwa zaidi. Mwaka na nusu mama alichemsha chai kila Alhamisi, siku yake ya kuja, na kila Alhamisi chai ilipoa. Siku amri yangu ya uangalizi ilipoisha, Mama Probesheni alifika, akasaini karatasi, akafunga kalamu, akageuka akasema, "Sasa, ile chai." Akanywa vikombe vitatu.

Alikataza watu kututaja kwa makosa yetu. Mwenyekiti wa kitongoji aliniita "mzee wa pampu" mara moja, akaambiwa mbele za watu kwamba akirudia yeye ndiye atakayeandikwa kwenye faili. Lakini yeye mwenyewe, tukiwa wawili, aliniita hivyo hivyo. "Wewe wa pampu, umepalilia?" "Wewe wa pampu, mbona macho mekundu?" Nilimlalamikia. Akasema, "Mimi nina watu arobaini. Nitawakumbukaje, kwa nywele?"

Na kufuli. Nyumba yake ya Mlalo, aliyoijenga mapema kabla hajastaafu, ilikuwa na kufuli mbili, moja getini na moja mlangoni, na banda la kuku lilikuwa na ya tatu. Mwanamke aliyekwenda mlango kwa mlango akiomba watu wawaazime wezi majembe, kuku wake alikuwa anawafungia kwa kufuli! Nilipomkumbusha hilo, hakuona haya. "Mimi sijawahi kumwambia mtu afungue mlango," akasema. "Nimewaambia wawaite ngemo."

Nifike kwenye pampu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale yaliyokuwa. Mimi na wenzangu wawili tukaichukua pampu ya kikundi cha wakulima wa bondeni, tukaishusha Mombo, tukaiuza. Tulikamatwa ndani ya wiki. Wenzangu walikuwa na makosa ya nyuma, wakaenda gerezani. Mimi nilisubiri taarifa ya Mama Probesheni. Alikuja Jumamosi mbili, akahesabu, akarudi mahakamani. Nikapewa miezi kumi na minane ya uangalizi. Kijijini walisema amehongwa. Mama yangu alisema ameona moyo wangu. Na mimi, kwa miaka yote hii, Korogwe, Tanga, Arusha, Morogoro, kila nilipolala juu ya magunia ya watu wengine, nilibeba hilo kama kitambulisho: kuna mtu mmoja wa serikali aliniangalia akaona kwamba mimi sitarudia.

Mwezi wa tatu wa uangalizi nilirudia. Nalisema hapa kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, mkulima wa kabichi, aliyekuwa na turubai jipya la kufunika mzigo wake. Nililikuta uani kwake, nikalichukua. Nikafunikia kuni zetu. Sikujua hata nalitakia nini.

Alhamisi Mama Probesheni akaja, akauliza habari za palizi, akaangalia kuni. "Turubai zuri," akasema. Akaondoka.

Alhamisi iliyofuata: "Bado zuri."

Ya tatu alisimama nalo karibu, akalishika pindo. "Wewe wa pampu. Kesho saa sita mchana utalibeba kichwani, utapita barabara kubwa, utampelekea mwenyewe. Si usiku, si alfajiri. Mchana, watu wakiona."

"Mama, watanipiga."

"Watakuuliza. Utajibu."

Nikalibeba. Barabara ile toka kwetu hadi kwa yule mzee ni ya dakika kumi na tano, mimi niliitembea mwaka mzima. Watu walisimama milangoni. Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa. Nilipofika, mzee alikuwa anafunga kabichi kwenye matenga. Aliniangalia, akaliangalia turubai.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umelitoa wapi?"

"Kwako."

Akamaliza kufunga tenga. Halafu akasema, "Kunja vizuri, hivyo linachanika." Nikakunja. Jioni ile alipita mlango kwa mlango akiita ngemo ya kesho yake, na alipofika kwetu nilikuwa ndani nimejibanza nyuma ya mlango, nikijua ataruka. Akataja jina langu.

Mwezi uliopita, nilipoketi kwenye gari la Mlalo na hasira yangu, hiyo ndiyo ilikuwa hoja niliyokuwa naipanga kichwani. Nitamwambia: ninyi mlikuwa watu, hawa ni karatasi. Wewe uliniona, wao wamemhesabu mdogo wangu. Nilipanga maneno mazuri kweli. Nilitaka aniandikie barua. Afisa mstaafu, jina lake bado linajulikana wilayani. Barua yake ingesomwa na kamati.

Nilimkuta anapunguza matawi ya mti wa peasi nyuma ya nyumba. Amekonda. Mabuti yapo, nadhani ni mengine, ila magazeti bado yanachungulia. Kufuli la getini lipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akainua uso, akakunja jicho moja. "Wewe wa pampu! Umezeeka, baba. Kaa hapo, usikanyage miche."

Nikamweleza yote bila kupumua. Fomu, visanduku, alama, neno "kubwa". Nilipofika kwenye ndugu wa damu aliyetiwa hatiani, aliacha mkasi.

"Wamekuhesabu wewe?"

"Mimi."

"Kwenye karatasi yake?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo ni la kijinga," akasema, na nikaona mishipa ya shingo kama zamani. "La kijinga kabisa! Nililipigia kelele kwenye semina mpaka wakanizimia kipaza sauti. Mtu anazaliwa amekuta kaka yake ameshaharibu, basi anaanza na alama moja mkononi. Kosa lako, anafungwa yeye."

Nikafurahi. Nikajua barua ninayo. Nikaongeza yale niliyoyapanga: kwamba yeye hakuhitaji fomu, kwamba alikuja akaniangalia akaona kwamba sitarudia.

"Nani kakuambia?"

"Nini?"

"Kwamba niliona hutarudia."

Nikainuka nilipokaa.

"Niliandika utarudia," akasema. Akaendelea kukata matawi, taratibu. "Niliandika hivyo hivyo: akiachwa kama alivyo, atarudia. Jumamosi mbili nilisimama pale juu, hukuitwa hata moja. Ulikuwa umekaa dukani na wale wenzako. Sasa ningeandika nini, kwamba una macho mazuri? Na ukarudia! Mwezi wa tatu tu, hata haya huna."

Nasema ukweli, nilikasirika kuliko ofisini. Ofisini walikuwa wageni. Huyu alikuwa kitambulisho changu, anakichana huku anakata peasi.

"Basi kwa nini uliomba niachwe?"

"Kwa sababu hakimu aliniuliza mambo mawili, watu wote huwa wanasikia moja. La kwanza, atarudia? Nikasema ndiyo. La pili, tufanyeje? Nikasema huyu akienda ndani atatoka na marafiki wapya, wabaya kuliko hawa. Mwacheni nje, mnipe mimi. Akaniuliza, nani atakuwa naye? Nikamjibu, Alhamisi mimi. Jumamosi nitamtafutia watu wa ngemo, hata kama ni kwa kugombana. Siku tano zilizobaki nikamwachia Mungu." Akacheka kidogo. "Nikamzidishia Mungu mzigo, najua. Yule mzee wa kabichi alikwenda kwa miguu yake. Mimi nilikuwa bado namtafuta wa kumwomba."

Sikucheka. Nilimwambia mimi sikuja kusikia habari zangu. Nilitaka barua kwa ajili ya mdogo wangu. Yule anaonewa.

"Sawa," akasema. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta mikono. "Nyumba ya mama yenu, nani yumo?"

"Imefungwa. Tangu tumzike mama."

"Mdogo wako alipokamatwa alikuwa analala wapi?"

"Sijui. Kwa rafiki zake, Lushoto mjini."

"Ufunguo anao nani?"

Nikautoa mfukoni. Nimezunguka nao miaka mitatu, kwenye kamba ya kiatu. Aliuangalia hakuugusa.

"Yule afisa alikupigia simu?"

"Alipiga."

"Akakuuliza nini?"

Hapo nikakumbuka, na sikutaka kukumbuka. Nilikuwa Morogoro, juu ya lori, tunashusha vitunguu. Kijana mmoja mpole akajitambulisha, akauliza mimi naishi wapi, na kama mdogo wangu akitoka ninaweza kuishi naye. Wenzangu walikuwa wananisikiliza. Nikataka kuwachekesha.

"Nilimwambia mimi sina makao. Nalala palipo na kazi, popo ana kwao kuliko mimi."

"Akacheka?"

"Hapana."

"Aliandika," akasema Mama Probesheni.

Kuku wake walikuwa wanakwaruza ndani ya kufuli. Nilitaka kumwambia bado fomu ni mbaya, na bado naamini ni mbaya. Haina mahali pa kuuliza nani atapita mlangoni kutaja jina la mtu. Inamhesabia mtu dhambi ya kaka yake. Mwenyekiti wa kitongoji, yule yule, aliulizwa habari za mdogo wangu akajibu, "Hana neno," na afisa alipokwisha kuondoka akamwambia muuza duka kwamba ukoo wetu wote ni wa kufungiwa mlango. Hayo yote nimeyasikia, na yananichoma. Lakini visanduku viwili kati ya vile nilivijaza mimi, kwa mzaha, juu ya lori.

"Utaniandikia?" nikauliza.

"Siandiki. Barua yangu itasema nini? Kwamba namjua kaka yake, mwizi wa turubai?" Akasimama, akachukua mkasi. "Mimi usiniulize kuhusu fomu. Niulize nilichokuwa nawauliza watu juu yako."

Sikuuliza. Niliaga nikiwa nimenuna, kama kijana wa miaka kumi na tisa. Alinisindikiza hadi getini, akafungua kufuli, nikatoka, nikasikia anafunga tena nyuma yangu.

Nilishuka Malindi siku hiyo hiyo. Kufuli la nyumba ya mama lilikuwa na kutu. Nilitia mafuta ya taa nikahangaika nalo hadi likakubali. Ndani panya walikuwa wamekula hata kalenda. Matuta yalikuwa yamebomoka, majani ya guatemala hakuna, udongo wote umekwenda kwa jirani wa chini. Kesho yake nilikwenda Lushoto nikamwambia yule afisa abadilishe jibu langu.

"Utakaa kwa muda gani, kaka?" akauliza. Hakuwa na dharau. Kusema kweli ndilo swali ambalo na mimi ningeuliza.

"Njoo Jumamosi uone," nikamwambia.

Halafu nikapita mlango kwa mlango kuita ngemo. Miaka ishirini na tano sijafanya hivyo, na hata wakati ule walioita walikuwa wengine. Milango mingine ilinijibu kwa adabu zetu: karibu, pole na safari, hana neno huyo mdogo wako, tutaangalia. Mtoto wa yule mzee wa kabichi, ambaye sasa naye ana mvi, alisema, "Turubai lile lilikuwa la baba. Nitakuja," na kunifungia mlango usoni. Mwenyekiti aliniuliza kama nimechanganyikiwa. "Unamwitia ngemo mfungwa?"

"Naita ngemo kwenye shamba la mama yangu. Njoo au usije."

"Atarudia yule."

"Jumamosi utakuwa wapi?" nikamwuliza. Akageuka akaenda zake.

Jumamosi nilipika makande sufuria kubwa, ya watu ishirini. Saa tatu asubuhi alikuwa amefika mtoto wa mzee wa kabichi na mkewe, pamoja na mwanamke mmoja wa kwaya ambaye mama alimfundisha sauti ya pili. Watatu. Tulianza tuta la chini. Mwenyekiti alipita barabarani mara mbili, taratibu, kama mtu aliyepoteza kitu. Afisa alifika na pikipiki saa nne, akasimama pembeni na faili lake ndani ya mfuko wa nailoni, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Nilimwona anahesabu. Nikaona aibu ya kuhesabiwa watatu, na nikakasirika tena, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa hajui kwamba siku hiyo anapimwa kwa migongo ya watu wanaoinama shambani.

Ndipo nikasikia kwenye ukungu: kwap, kwap, kwap.

Alikuwa na jembe begani. Safari hii hakwenda kwenye tuta la juu kusimama. Alishuka moja kwa moja, akashika kiuno, akapumua, amechoka kweli. Afisa alimsogelea kwa heshima, akamwamkia, akafungua faili.

"Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

"Nimeitwa ngemo," akasema.

Sikuwa nimemwita. Sikuwa hata nimempigia simu. Alitema mate viganjani, akanigeukia.

"Mwenye nyumba," akaniambia, "nianzie wapi?"

Nikamwonyesha tuta la juu, lililobomoka kuliko yote. Afisa akafunika kalamu yake, akasimama kidogo, halafu akaweka faili juu ya jiwe na kuanza kukunja mikono ya shati.